Bullying kwa Kiswahili: uonevu, unyanyasaji, ubabe, uchokozi au kubuli?

Ukipewa hojaji ya wanafunzi, sera ya mahali pa kazi au habari ya gazeti yenye neno la Kiingereza bullying, ukaambiwa uiandike kwa Kiswahili, lazima kalamu itasita. Maneno yapo, tena mengi, na hapo ndipo shida inapoanzia. Mmoja ataandika uonevu, wa pili unyanyasaji, wa tatu uchokozi, na vijana wawili wanaopiga soga pembeni watasema tu "wanambuli". Wote wameeleweka, lakini hawakusema kitu kimoja.

Tofauti hizo zina matokeo. Muulize mtoto kama amewahi kuchokozwa shuleni, atakujibu ndiyo kabla hujamaliza swali. Muulize kama amewahi kunyanyaswa, atakutazama kwanza usoni. Ni mtoto yuleyule na shule ileile, ila takwimu utakazopata ni mbili. Watafiti wakiongozwa na Peter K. Smith walilishughulikia jambo hili katika nchi 14 na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Waliwaonyesha watoto wa miaka 8 na wa miaka 14 picha 25 za vikatuni vya vijiti, watu wakipigana, wakitaniana, wakitengana, kisha wakawauliza ni picha zipi zinaingia chini ya neno linalotumika katika lugha yao. Maneno ya lugha mbalimbali hayakukusanya picha zilezile. Watoto wadogo, zaidi ya hayo, hawakutenganisha vizuri kuonewa na kupigana kwa kawaida, jambo ambalo wakubwa wao walilimudu.

Kwa hiyo hapa nayaweka maneno matano kwenye mizani moja. Simtafutii mtu neno la kutumia kila mahali, kwa sababu sidhani lipo.

Neno la Kiingereza lenyewe linabeba nini

Bully halikuzaliwa baya. Katika karne ya 16 lilikuwa neno la mapenzi, "mpenzi" au "mwandani", na wanaisimu wengi hulihusisha na neno la Kiholanzi la kale, boel. Kwenye tamthilia ya Shakespeare, A Midsummer Night's Dream, mfumaji Bottom anaitwa na wenzake "bully Bottom", na wanamsifia. Baadaye likateremka: kutoka mwandani hadi jamaa wa majigambo, kutoka majigambo hadi mtu anayewatesa wanyonge. Sifa ile ya zamani haikufutika yote. Theodore Roosevelt, rais wa Marekani kati ya 1901 na 1909, alilitumia kwa maana ya "safi kabisa", na ndiko ulikotoka usemi bully pulpit, yaani jukwaa zuri la kufikishia ujumbe. Ukikutana na usemi huo usiandike "mimbari ya uonevu". Bully beef nayo ni nyama ya kopo tu, asili yake ni neno la Kifaransa lenye maana ya "iliyochemshwa".

Maana ya kitaalamu ya leo inamdai sana Dan Olweus, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi Bergen, Norwei, na kufariki mwaka 2020. Kwake mambo matatu yalipaswa kukutana: tendo lifanywe kwa kusudi, lirudiwerudiwe, na anayetendwa awe na nguvu kidogo kuliko anayetenda kiasi cha kushindwa kujitetea. Hojaji ya Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya wanafunzi ilifuata mkondo huohuo. Ilieleza kwamba kumtania mtu sana kwa namna ya kuudhi kunahesabika, na kumtenga makusudi pia kunahesabika. Wanafunzi wawili wenye nguvu zinazokaribiana wakigombana, au utani ukiwa wa kirafiki, hilo halihesabiki.

Huo ni upande wa utafiti. Mitaani Kiingereza hulinyoosha neno zaidi: bosi huwa-bully wafanyakazi, taifa kubwa hulifanyia jirani yake, na kuna ile ya kumsukuma mtu kwa vitisho mpaka akubali jambo asilolitaka. Neno moja la Kiswahili haliwezi kuzibeba zote nne, na usilidai hivyo.

Vigezo

Kila neno nitaliuliza mambo manne. Linabeba nini katika yale matatu ya Olweus? Lina uzito gani, yaani likitamkwa watu wanatikisika au wanacheka? Linanyumbulika vipi: lina kitenzi, mtenda, mtendwa? Na linagongana na maana gani nyingine? Baada ya hapo nitasema linamfaa nani.

Katika unyumbukaji nitatumia kipimo kimoja kidogo ambacho sarufi yetu inatupa bure: kauli ya kutendana. Bullying ni ya upande mmoja. Basi neno linalokubali "-ana" kwa raha huenda linaelezea ugomvi wa wawili sawa.

Uonevu

Kinachobebwa. Tofauti ya nguvu imo ndani ya neno lenyewe. Mtu hawezi kumwonea anayemzidi. Ukisema mtoto wa darasa la kwanza anamwonea wa darasa la saba, msikilizaji atataka maelezo: pengine ana kaka yake nyuma, pengine baba yake ni mwalimu. Yaani atatafuta nguvu ilikojificha, kwa kuwa neno limemwahidi kwamba ipo. La pili, neno linatoa hukumu. Anayeonewa hana kosa linalostahili hayo anayofanyiwa. Ndiyo maana "unanionea" ni lalamiko na ni utetezi papo hapo.

Kusudi nalo limo, japo kwa kudokezwa. Kinachokosekana ni marudio. "Mwamuzi katuonea" ni kauli ya mechi moja, tena ya penalti moja. Lakini upungufu huu kitenzi kinaweza kuuziba: amekuwa akimwonea, humwonea, wanamwonea kila siku. Anayetafsiri hojaji akiandika "umewahi kuonewa?" ameuliza juu ya tukio, akiandika "umekuwa ukionewa?" ameuliza juu ya hali. Nafasi kati ya hizo mbili ni viambishi tu, ila kwa mtakwimu ni nafasi kubwa.

Uzito. Wa kati. Mtoto mdogo analo mdomoni tangu anapoanza kugombea mdoli, na mtu mzima akilitumia haonekani anadeka. Halimtishi mzazi anayepokea barua ya shule, na halimfanyi acheke.

Minyumbuliko. Onea, onewa, mwonevu, waonevu. Mtendwa ana tabu kidogo. "Mwonewa" lipo, ila wengi watasema "anayeonewa" na ndivyo inavyosikika vizuri zaidi. Uonevu hauna wingi, hivyo ukitaka kuhesabu sema visa au vitendo vya uonevu. Sasa jaribu kile kipimo: "Asha na Juma wanaoneana." Sentensi inabaki na kiu, masikio yanangoja neno la mwisho. Wanaoneana wivu? Wanaoneana haya? Kwa maana ya uonevu peke yake, kuoneana kunagoma, kwa sababu mnyonge hamwonei mbabe wake. Sijui neno jingine katika orodha hii linalofaulu mtihani huu kwa usafi namna hiyo.

Migongano. Kitenzi onea kina familia kubwa: kuonea huruma, kuonea wivu, kuonea haya, kuonea fahari. Katika mazungumzo hakuna atakayepotea, lakini kwenye kichwa cha habari kifupi mpangilio mbaya wa maneno unaweza kumchekesha msomaji pasipo kusudi. Mgongano mzito zaidi ni wa siasa. Uonevu ni neno la raia dhidi ya dola, la mpangaji dhidi ya mwenye nyumba, la mfanyabiashara dhidi ya mtoza kodi. Lina wigo mpana kuliko uwanja wa shule, na anayetaka istilahi ya kitaalamu iliyofungwa kwenye jambo moja itambidi aongeze maneno: uonevu shuleni, uonevu miongoni mwa wanafunzi, uonevu mtandaoni.

Linamfaa nani. Anayezungumza na watoto na wazazi, mwalimu, mwandishi wa hojaji, na yeyote anayetaka kisa cha kutengwa kimyakimya kihesabike sawa na kisa cha ngumi.

Unyanyasaji

Kinachobebwa. Madhara. Neno hili linamtazama anayeumia kuliko kitu kingine, na linafunika mengi: kupigwa, kutukanwa, kunyimwa stahili, kutumikishwa, kuguswa pasipo ridhaa. Tofauti ya nguvu kwa kawaida ipo. Marudio hayadaiwi. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2021, unahusu ukatili na unyanyasaji katika ulimwengu wa kazi, na maelezo yake yanasema wazi kwamba tendo linahesabika liwe limetokea mara moja au limerudiwa. Kwa sera ya kazini hiyo ni nguvu. Kwa mtafiti wa shule anayemfuata Olweus ni mtego, kwa maana ataokota kwenye kapu moja kofi la siku moja na mateso ya mwaka mzima.

Uzito. Mkubwa, na umeongezeka kadiri vyombo vya habari vilivyozoea kulitumia pamoja na maneno "kingono" na "kijinsia". Chukua barua inayosema: "Tunasikitika kukujulisha kuwa mwanao amenyanyaswa na wenzake shuleni." Mzazi hatamaliza aya ya kwanza, ameshavaa viatu. Kama kilichotokea ni kufichiwa daftari na kuitwa majina, barua imemtia hofu ya jambo lisilokuwapo. Kama kilichotokea ni kikubwa, basi ndilo neno lake, na kulikwepa kungekuwa kufunika kombe.

Minyumbuliko. Kamili: nyanyasa, nyanyaswa, nyanyasika, mnyanyasaji. Zaidi ya hayo lina zawadi ambayo maneno mengine hayana, yaani majina mawili yenye macho tofauti. Unyanyasaji ni tendo, tunalitazama kutoka kwa mtenda. Manyanyaso ni mzigo, tunautazama kutoka kwa aliyeubeba. "Kampuni imepiga marufuku unyanyasaji" na "alivumilia manyanyaso miaka yote" hazibadilishani nafasi. Kuhusu kutendana, "wananyanyasana" inasemwa bila shida, hasa kwa wanandoa.

Migongano. Mbali na ule wa kingono, upo wa kusikia vibaya: unyanyasaji na unyanyapaa. La pili ni kumtenga mtu kwa sababu ya alama aliyopewa na jamii, kama ugonjwa au ulemavu. Mtu anaweza kunyanyapaliwa bila yeyote kumgusa wala kumtukana. Yanakutana mara nyingi ila si ndugu, na nimeyaona yakibadilishana nafasi hata kwenye maandishi yaliyopitia mhariri.

Linamfaa nani. Mwandishi wa sera, mwanasheria, chama cha wafanyakazi, mwandishi wa habari mwenye kisa chenye ushahidi. Kwa mtu mzima anayemshtaki bosi wake, hili ndilo linalofungua mlango wa ofisi ya utumishi. "Bosi ananionea" litaonekana lalamiko la kawaida, wakati "bosi ananinyanyasa" linaandikiwa faili.

Ubabe

Kinachobebwa. Tabia ya mtenda. Ubabe haukuelezi nani kaumia wala mara ngapi. Unakuchorea mtu anayetembea kifua mbele. Kusudi limo, nguvu imo, marudio yanatokana na kwamba tabia haifanyiki mara moja.

Uzito. Unayumba. Mbabe wa ndondi ni sifa, mbabe wa darasa ni lawama. Hapa Kiswahili kinafanana ajabu na ile safari ya bully katika Kiingereza, tofauti ni kwamba sisi maana zote mbili tunazo kwa wakati mmoja. Mvulana anayeitwa mbabe mbele ya wenzake anaweza kuondoka amefurahi. Kwa kampeni ya kuzuia tabia hiyo, huo ni udhaifu mkubwa.

Minyumbuliko. Kitenzi chake cha moja kwa moja hakizoeleki katika maana hii. Unalazimika kusema kufanya ubabe, kuleta ubabe, kutumia ubabe. Mtendwa hana jina. Wawili wakionyeshana ubabe, hakuna anayeshangaa.

Migongano. Si mingi, ukiacha hiyo ya sifa. Kinachofaa kuangaliwa ni kwamba ubabe uko wazi, hadharani. Anayesambaza uvumi chinichini, anayemtoa mwenzake kwenye kundi la simu, huyo hakuna atakayemwita mbabe. Wasichana wanaoumizana kwa njia hizo watapotea kabisa kwenye utafiti ulioandikwa kwa neno hili.

Linamfaa nani. Mchambuzi wa siasa za kimataifa, bila ubishi: "ubabe wa mataifa makubwa" haina mshindani. Mwandishi wa hadithi pia, na mtu anayetaka kuukosoa mtindo wa uongozi badala ya kisa kimoja.

Uchokozi, na jirani zake utani na dhihaka

Kinachobebwa. Mwanzo. Mchokozi ni aliyeanza, basi. Neno halijali nani ana nguvu. Mtoto wa miaka mitano anaweza kumchokoza babu yake, na paka anaweza kuchokozwa na yeyote. Halidai marudio wala madhara.

Hebu tukae hapa kidogo, maana ndipo watu wazima wanapokosea kwa nia njema. Vijana wawili wameletwa ofisini, mmoja nguo imechanika. Mwalimu anauliza, "Nani kamchokoza mwenzake?" Swali hilo linaangalia dakika tano zilizopita. Kama aliyeonewa muhula mzima leo amechoka akarusha ngumi ya kwanza, jibu la kweli ni kwamba mchokozi ni yeye, na ataadhibiwa. Angeuliza, "Kuna anayemwonea mwenzake hapa?" macho yangerudi nyuma hadi mwezi uliopita, na mashahidi wangekuwa na la kusema.

Uzito. Mwepesi, wakati mwingine wa mapenzi kabisa. "Acha uchokozi wako" husemwa na mtu anayetabasamu. Wepesi huo ndio unaolifanya kuwa kimbilio la mtenda: "Tulikuwa tunamchokoza tu." Hilo "tu" lisikilizeni vizuri. Vivyo hivyo "tulikuwa tunamtania". Utani una sharti lake la zamani, kwamba mtani naye ana haki ya kujibu, na akijibu wote wanacheka. Ukiondoa haki ya kujibu, kinachobaki ni dhihaka. Wahenga walishaona: mzaha mzaha hutumbua usaha.

Minyumbuliko. Mizuri yote: chokoza, chokozwa, mchokozi. Nayo "wanachokozana" ni sentensi ya kila siku, haina kigugumizi hata chembe. Kwa kipimo chetu cha kutendana, hilo ndilo jibu.

Migongano. Linapanda ghafla hadi vitani: uchokozi wa taifa moja dhidi ya lingine ni neno la habari za kimataifa, zito kweli. Kwa hiyo lina ncha mbili, ya mchezo na ya mizinga, na bullying inaangukia katikati, mahali ambapo neno halipo.

Linamfaa nani. Kwa bullying yenyewe ni wachache. Lakini hojaji nzuri inalihitaji kama mfano wa tendo: wamekuchokoza, wamekuita majina, wamekufichia vitu. Liwe tawi, lisiwe mti.

Kubuli

Kinachobebwa. Kila kilichomo kwenye Kiingereza, alimradi msikilizaji anakijua Kiingereza hicho. Vijana wanalitumia wakiwa na picha kamili kichwani, pamoja na ya mtandaoni, ambayo mara nyingi ndiyo ya kwanza kuwajia.

Watakaolikataa kwa sababu ni la kukopa wakumbuke kwamba lugha nyingine zilisimama njia panda hiihii na zikaachana. Japani ilibaki na neno lake, ijime, na mwaka 2013 ikalitungia sheria. Humo kinachoangaliwa ni kama mwanafunzi ameumia mwilini au moyoni, marudio hayadaiwi. Ufaransa ilichukua neno lake la unyanyasaji na kuliongezea "wa shuleni", na tangu Machi 2022 ni kosa la jinai linalojitegemea. Uhispania ilipita njia hiyo pia. Waitalia walikopa, wakatengeneza bullismo, na mwaka 2017 toleo lake la mtandaoni likaingia kwenye kichwa cha sheria ya nchi. Warusi wamekopa. Waswidi wana mobbning, lililopata umaarufu kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, lenye picha ya kundi zima kumvamia mmoja. Njia hizo tatu, neno la nyumbani, neno la unyanyasaji na neno la kukopa, ndizo hizihizi zilizo mbele yetu.

Uzito. Ulianza mzito, unapungua. Mitandaoni mtu akikosolewa sentensi moja anasema amebuliwa. Neno likitumika kwa kila kitu, anayeteseka kweli anabaki bila lake.

Minyumbuliko. Kitenzi kimeshatulia: kubuli, kubuliwa, hata kubuliana, tena kwa kicheko. Jina ndilo halijatulia. Wengine huacha bullying ilivyo, na maandishi yanakuwa nusu kwa nusu. Kwa mtenda utasikia bully tu, bila ngeli inayoeleweka.

Migongano. Buli tunalo tayari, ni la chai. Hakuna atakayechanganya, lakini mzee anayesikia "mwanao anabuliwa" ana kila sababu ya kuuliza maana.

Linamfaa nani. Mshauri anayechati na vijana, mwandishi wa mazungumzo ya filamu, kampeni ya mtandaoni inayotaka kupatikana kwa neno ambalo watu wanalitafuta.

Kisa kimoja, maneno matano

Tuseme hivi. Msichana akiingia darasani, mazungumzo yanakatika. Akikaa, aliye jirani anasogea. Begi lake linapotea kila baada ya siku chache na kupatikana nyuma ya kabati, hakuna aliyeliona. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemgusa.

"Wanamwonea" inaingia bila kusukumwa. "Wanamnyanyasa" inaingia pia, ila msomaji atangoja uwaambie walimfanya nini, na utakapotaja begi ataona umetia chumvi. "Wanamfanyia ubabe" haiingii kabisa. Ubabe hauna ukimya. "Wanamchokoza" inalichukua begi na kuuacha ule ukimya, ilhali ukimya ndio uliomfanya aache kula. "Wanambuli" itaeleweka na wenzake wa darasa, na huenda ndilo neno ambalo yeye mwenyewe angemwandikia rafiki yake.

Kuna maneno mawili nje ya orodha ambayo kisa hiki kinayaita: kumtenga na kumsusia. Kumsusia kuna nguvu hapa kwa sababu kunaonyesha wamekubaliana. Udhalilishaji ungehitajika kama wangempiga picha na kuisambaza, maana hilo ni neno la kumvua mtu heshima mbele za watu. Ukatili ungengoja damu.

Uchague lipi, kwa hali ipi

Unaandika hojaji ya wanafunzi: tumia kuonewa, weka kitenzi katika hali ya kuendelea, taja kipindi unachokiulizia, kisha orodhesha matendo yenyewe, kutengwa kukiwamo. Usitegemee neno moja lifanye kazi yote, hata Kiingereza hakikulitegemea. Ndiyo maana hojaji zake huanza na maelezo. Kwa watoto wa miaka saba au minane ningeacha jina "uonevu" nje kabisa na kubaki na kitenzi.

Unaandika sera ya kazini au malalamiko rasmi: unyanyasaji kwa kanuni, manyanyaso unapoeleza yaliyokupata. Kama tukio moja linatosha kuchukuliwa hatua, sema hivyo kwa maneno. Usitegemee msomaji atalijua. Sera ya shule inaweza kubeba yote mawili, uonevu kama jina la jumla na unyanyasaji kwa makosa yanayopelekwa mbele ya ngazi ya shule, mradi mpaka uandikwe.

Unaandikia wazazi barua: uonevu, ukifuatiwa mara moja na kilichotendeka. Na mtoto aliyetenda mwite "mwanafunzi aliyewaonea wenzake" badala ya "mwonevu". Jina la mtenda humganda mtoto, na kitenzi kinaweza kubadilishwa kesho.

Uko mbele ya mtoto na hujui lipi litamfungua mdomo: ngoja alitaje yeye. Akisema wananichokoza, anza na hilohilo, umuulize wanakuchokoza mara ngapi, na wewe ukiwajibu wanafanyaje. Majibu ya maswali hayo mawili yatakuambia kama ni uchokozi au ni uonevu, na hutakuwa umemlisha neno.

Unatafsiri habari za dunia: ubabe kwa mataifa na viongozi, uchokozi pale tu ambapo kuna tendo la kivita au linaloelekea huko. Kwa kampeni ya vijana mtandaoni, kubuli liwe kwenye tangazo na uonevu mtandaoni uwe kwenye maelezo yake, kwa sababu wazazi nao watasoma.

Na ile sentensi ya Kiingereza ya kum-bully mtu mpaka akubali jambo, achana na yote matano. Walimshurutisha, walimtisha mpaka akasaini, au, ikiwa ni kikao ambacho mmoja hakupewa hata nafasi ya kuuliza, walimburuza.